Doti Moja, Wake Wawili

Marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, lakini kwa mambo ya kanga alikuwa zuzu. Nchi ilipopata Uhuru alikuwa na wake wawili: mama yangu hapa Kilindoni na mama mdogo kule Kirongwe. Akasikia duka la Mhindi limeleta kanga za sherehe, nyeupe, pindo la kijani, katikati mwenge mkubwa. Alipofika akakuta imebaki doti moja. Mwenye akili zake angerudi mikono mitupu, akasemwa na wake wote wawili, yakaisha. Yeye aliikata katikati, akampa kila mke pisi yake, akajiona kafanya uadilifu.

Wanaume mnaosoma haya, doti ni pisi mbili za sare, moja kiunoni, moja kichwani. Ukimpa mwanamke pisi moja umempa kiatu cha mguu mmoja. Siku ya Uhuru mama alijifunga mwenge, kichwani kajitanda kanga ya maua. Kufika uwanjani, mke mwenzake naye yule, mwenge kichwani, chini kajifunga ya korosho! Wanawake wakacheka mpaka wakakaa chini. Mama aliirudisha ile pisi sandukuni, na hakuitoa tena.

Basi ilipotimu miaka sitini ya Uhuru, sisi wanawake wa mtaani tukakubaliana kutundika kanga za kale uwanjani, na mwenye kanga ya sherehe aje ameivaa. Mama akafungua sanduku. Pisi yake ilikuwa bado nyeupe, inanukia udi.

"Nataka niivae doti nzima," akaniambia. "Mara moja tu, kabla sijafa. Nenda kaniombee ile nyingine."

Mimi tena! Tangu tumalize arobaini ya baba, mama zangu wale wawili walikuwa wakisalimiana kwa kupitia mimi. Nikapanda bodaboda mpaka Kirongwe, na kilo ya sukari mkononi. Nikamkuta mama mdogo juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Haya, kakutuma nini?"

"Mwenge."

Alicheka, nazi ikamponyoka. Kisha akakunja uso. "Mwambie na mimi nautaka wa kwake. Yeye tu ndiye aliyechekwa siku ile?"

Nilipandwa na hasira, siwafichi. Nikamwambia kwa heshima zote kuwa wao wawili wana vichwa vigumu kama mawe ya jiko, na kama ni hivyo aje mwenyewe na pisi yake wakagombane uso kwa uso. Nikaondoka bila hata kunywa maji. Njia nzima najilaumu, maana mama alikuwa akiningojea barazani, na nilikuwa sina cha kumpa. Aliniona mikono mitupu. Aliikunja pisi yake taratibu, na roho iliniuma.

Siku ya sherehe ilipofika akaja nayo uwanjani, kaikumbatia tu. Tumeshatundika kanga zote ndipo nikamwona mama mdogo anateremka garini, na mfuko wa plastiki kwapani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama.

"Hujambo, mke mwenzangu?"

"Sijambo. Umechelewa."

Wakatandika pisi zote mbili juu ya mkeka. Ya mama mdogo imepauka, kaifanya mbeleko ya wanawe wote. Wakasogeza kingo zikutane, toba! Baba alikata upogo. Kona ya pindo la mama ilikuwa imebaki kwenye pisi ya mwenzake.

"Hata mkasi hakujua kushika," mama akasema.

"Hakutumia mkasi, alitumia kisu cha samaki. Nilikuwepo!"

Wakacheka, wanashikana mabega, na katikati ya kicheko nikaona wote wawili wanafuta macho. Mimi nikawa natazama chini, nimeshika sindano niliyotundikia kanga, nisijue ya nini tena.

Nilimnyooshea mama pisi zote mbili. Ndiye aliyeitamani, ndiye aliyenituma. Akazichukua, akamgeukia mke mwenzake, akamfunga moja kiunoni, akamtanda ya pili kichwani, akamweka sawa begani kama anayemvisha biharusi.

"We! Si ulisema unataka kuivaa wewe?" mama mdogo akauliza.

"Nikiivaa mimi nitaionaje? Simama pale juani. Geuka. Geuka tena." Mama alirudi nyuma, mkono mdomoni, akatazama muda mrefu. "Mashaallah. Kumbe ilikuwa inapendeza hivi."

Kisha akaanza kulegeza fundo la kanga yake ya kila siku.

"Haya vua," akasema. "Zamu yangu, na wewe uione."