Gari la Maziwa Lililokwenda Baharini

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Mweiga kwa sababu kaka yangu alinipigia simu kuniambia kwamba mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja kulikatakata lile gari. Limekaa nyuma ya zizi miaka mingi, magurudumu yamezama udongoni na kuku wanatagia juu ya vitanda. Nilijiambia nakwenda tu kuchukua mapazia ambayo mama aliyashona kwa mkono. Lakini siku hiyo jua lilikuwa limewaka, jambo la nadra kwetu mwezi wa saba, na nilipofungua mlango nikapokewa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Nikakaa chini palepale mlangoni, uso ukinichoma kwa aibu.

Acha nikueleze, rafiki yangu, maana sijawahi kumweleza mtu.

Gari lenyewe lilikuwa la kukusanya maziwa. Baba ndiye aliyekuwa fundi wake, na lilipozeeka likaachwa mikononi mwake. Aling'oa rafu za mikebe, akapigilia vitanda vya mbao, akakata dirisha ubavuni, akaweka kabati la sufuria na karai la kuoshea vyombo. Majirani walimcheka wakachoka. Walisema fundi amejenga nyumba yenye usukani. Baba alicheka nao, akaendelea kupiga msumari. Hakuwaambia kwamba kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya nyanya. Siku moja, akimenya viazi, nyanya alikuwa amesema kwamba asingependa kuingia udongoni kabla hajaona maji yasiyo na ng'ambo. Alisema kimzaha tu, lakini baba alikuwa mtoto wake wa pekee na alilishika neno hilo.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, kwa hivyo mimi nina jina la nyanya. Yeye hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita wajina. Kiazi cha kwanza kutoka jivuni kilikuwa cha wajina, na ukoko wa uji pia, na ile sehemu ya kitanda iliyo karibu na ukuta wenye joto la jikoni. Baba akiwa na furaha aliniita mama, na mimi nilijibu kwa maringo kana kwamba kweli nilimzaa. Halafu nikapelekwa shule ya bweni mjini Nyeri. Huko wasichana walikuwa na majina laini ya kizungu, na mimi nikabaki na lile la ubatizo peke yake. Lile lingine nikalificha kama mtu anavyoficha soksi iliyotoboka.

Tulisafiri likizo ya Desemba. Tulikuwa tunakwenda kwenye hifadhi moja ya msitu pwani, mahali ambapo miti inaishia mchangani na watu huruhusiwa kuegesha magari ya kulala. Tuliambiwa kuna joto, lakini mtu wa Mweiga haamini joto mpaka aingie ndani yake. Tulibeba blanketi sita, gunia la viazi, jiko la makaa na majani ya chai ya kutosha kilio. Nyanya alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na hakuvua hata moja safari nzima.

Kulipopambazuka siku ya kwanza tuligundua jambo ambalo baridi ya kwetu ilikuwa imelificha. Zile mbao za sakafu zilikuwa zimekunywa maziwa miaka mingi, na jua la pwani likayaamsha yote. Harufu ilitoka garini ikasambaa chini ya mivinje mpaka bombani. Na tulikuwa na majirani. Familia kutoka Nairobi ilikuwa imeegesha karibu nasi gari jeupe la kulala, lile la dukani, lenye friji na mwavuli unaojikunjua wenyewe. Walikuwa na binti wa rika langu. Alinikaribisha juisi baridi, akaniuliza ni nini kinachonuka. Nikamwambia baba yangu ana kampuni ya maziwa. Ukishasema uongo wa kwanza, mdomo unalainika.

Asubuhi ya pili baba na kaka walikuwa wamekwenda langoni kuandikisha gari. Mama alikuwa amelala, kichwa kikimuuma kwa joto. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye meza ya wale majirani, mguu mmoja juu ya mwingine, nikijifanya nimezoea. Nyanya alikuwa ameamka akakuta makaa yameloa umande, akafanya alichokifanya maisha yake yote. Alichukua ukanda wake wa ngozi wa kubebea mizigo akaingia msituni kuokota kuni. Kule kwetu, chini ya Aberdare, mwanamke anayeona tawi kavu akaliacha huonekana mvivu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba katika hifadhi ile hata kijiti kilichoanguka hakiguswi.

Alitoka mitini ameinama, mzigo mgongoni, ukanda umembana paji la uso, jasho likichuruzika juu ya zile sweta mbili. Nyuma yake alitembea askari wa hifadhi, taratibu, kama mtu anayemsindikiza mgeni.

"Samahanini," askari aliuliza. "Huyu mama ni wa kwenu?"

Yule binti akanitazama. Nyanya naye akainua uso chini ya mzigo, akaniona, akatabasamu. Niliona midomo yake ikifunguka na nilijua neno linalokuja. Nikamtangulia.

"Ni mfanyakazi wetu," nikasema. "Hajui sheria za huku."

Nyanya hakujua Kiswahili kingi, lakini neno hilo alilijua vizuri. Alikuwa amechuma kahawa kwenye mashamba ya watu ujana wake wote. Alifunga mdomo. Akashusha mzigo polepole, akajishika kiuno, akamgeukia askari.

"Ni kweri," alimwambia. "Hawa wameniandika kazi tu. Hii makosa ni yangu, usiandike huyu msichana."

Askari alimwambia asirudie, akaziburuta zile kuni mwenyewe kuzirudisha mitini. Basi, ikaisha hivyo. Yule binti akaendelea kunisimulia habari za shule yake, nami nikaendelea kuitikia kwa kichwa. Moyoni nilijiambia kwamba jioni nitamwomba msamaha, naye atanicheka na kunifinya shavu.

Hakunipa nafasi hiyo, rafiki yangu. Kazi niliyompa aliishika kikamilifu. Mchana alipakua chakula akakaa nyuma ya gari na sahani yake, akasema huko kuna upepo. Majirani walipokuja kunywa chai, alinipa kikombe kwa mikono miwili na kuniita kwa jina la ubatizo, jina ambalo sikujua hata kama analiweza. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetunza siri ya mwenzake. Mama alidhani ni joto. Baba hakujua lolote.

Alasiri tulikubaliana kwenda ufukweni pamoja na ile familia. Baba alikuja kumshika nyanya mkono, amevaa kaptura, amefurahi kuliko sisi watoto. Alimwambia kwa Kikuyu twende, mama, siku yenyewe ndiyo hii. Nyanya alimtazama yule binti aliyesimama kando yangu na taulo. Kisha akasema tumbili ni wezi na lazima mtu abaki na vitu, yeye ataiona bahari kesho. Baba akabembeleza. Nyanya akalalamikia miguu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na neno moja tu lingetosha, neno lile lile alilotaka kuniita. Nilitupa taulo begani nikatangulia.

Kesho yake majirani walikuja tena, na nyanya akabaki tena. Siku ya kuondoka alimwambia baba kwamba alikwenda peke yake alfajiri tukiwa tumelala, na kwamba ni kubwa kweli. Baba aliridhika akawasha gari. Mimi nilikuwa nimelala karibu na mlango na nilijua haukufunguliwa.

Tulipokuwa tumeacha Voi nyuma na upepo umeanza kupoa, nyanya alinisogelea kwenye kitanda cha nyuma. Aliongea kwa Kikuyu, chini chini, mbele wasisikie.

"Hebu niambie vile iko. Kanisani wataniuliza."

Nikamwambia. Nilimwambia maji yanakuja yakirudi, na yakirudi yanavuta mchanga chini ya nyayo mpaka unahisi mtu anakuvutia mkeka. Nilimwambia kwamba chumvi inabaki midomoni hata baada ya chakula, na kwamba kaa hukimbia kwa ubavu. Aliyarudia maneno yangu moja moja kama mtoto anayekariri mstari wa Biblia, akaniuliza kama maji ni ya moto au baridi. Nikamwambia ni vuguvugu. Aliitikia kwa kichwa, akajifunika blanketi. Nilikuwa na safari nzima ya kumwomba msamaha, kutoka Voi mpaka Mweiga, na nikageukia dirisha.

Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisa walijaa jikoni kwake. Mimi nilikuwa nje nasugua sufuria kwa jivu, ukuta wa mbao katikati yetu. Nilisikia mkeka ukivutwa chini ya nyayo. Nilisikia chumvi na kaa, vyote kwa mpangilio ule ule. Mmoja wao akamuuliza kama hakuogopa kusombwa, mtu mzee kama yeye.

"Ningeogopa nini?" nyanya akajibu. "Wajina alikuwa amenishika mkono."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kulisikia neno hilo kinywani mwake, na hakuniambia mimi. Mbele yangu aliendelea kuniita kwa jina la ubatizo mpaka alipofariki, kwa upole uleule, na mimi niliendelea kuitika. Siku ya mazishi mchungaji alisoma kwamba marehemu alijaliwa kuiona bahari. Baba alilia kwa shukrani. Niliinamisha kichwa nikatazama viatu vyangu. Sasa baba na mama nao hawapo, zile jioni za viazi vya jivuni hazipo, na hakuna aliyebaki anayejua ila mimi.

Mnunuzi wa vyuma alikuja saa nne. Alianza na paa. Binti mdogo wa kaka alisimama kando yangu akitazama kuku wakitimuliwa, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba nyanya mkubwa alikwenda mpaka baharini na gari hili.

"Ni kweli," nikamwambia. "Aliingia mpaka magotini. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono."