Kokoto la Nne

Pale Nanivad, kwenye Ghuba ya Khambhat, bahari ina mbio kuliko umbea. Yasemekana siku moja ilirudi kwa kasi hata ikachukua kivuli cha nyati wa maziwa, ikamwacha mwenyewe amesimama. Nyati yule akaishi miaka kumi bila kivuli na maziwa yake yakawa mepesi kama maji ya mchele. Asiyeamini aende akayaonje.

Mahali kama hapo lazima awepo mtu wa kuhesabu siku za mwezi, na mtu huyo alikuwa Monghi. Alikuwa mjane, mwembamba kama ufito, mdomo wake mkali kama pilipili iliyotwangwa na kitunguu saumu. Chungu chake kilikaa dirishani. Mwezi ukipevuka alikimwaga, kisha kila asubuhi akatia kokoto moja. Mwezi ukifa, alikimwaga tena na kuanza upya. Kila kokoto lilimaanisha bahari imechelewa kwa muda wa kupika mikate ya uwele ya watu kumi. Kwa kokoto hizo wanawake wa Nanivad walijua wakati wa kuyafuata maji yanapokupwa, wakaokote samaki wa tope wenye macho ya chura, na wakati wa kugeuza visigino.

Kazi hiyo alirithishwa na mama mkwe wake, Rukhi, mwanamke mkali hata kaa walipita upande kumpisha, na mpaka leo hawajaacha. Siku ya tatu ya ndoa Rukhi alimshika bibi harusi mikono, wakakutanisha nyayo, wakazunguka fugdi, ule mchezo wa wasichana, kila mmoja amejitupa nyuma.

"Mbona huanguki?" Rukhi aliuliza.

"Umenishika, mama."

"Na mimi umenishika. Basi ndivyo dunia na mwezi. Wakiachiana, mwezi anakwenda zake. Wakiacha kuzunguka, wanagongana vichwa. Mimi mnene nazunguka hapahapa, wewe mwembamba unapiga duara kubwa. Na sketi yangu je? Imefura mbele kwako, imefura na nyuma. Hayo ndiyo maji kujaa mara mbili kwa siku. Jua naye yuko mbali, lakini ana mkono. Mwezi ukipevuka au ukifa, wanavuta mstari mmoja, na hapo ndipo bamvua, maji makuu. Mwezi ukiwa nusu, mmoja anavuta huku na mwingine kule, maji yanakuwa mafu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama, nina kizunguzungu."

"Kizuri. Na mwezi akimkaribia dunia huzunguka mbio zaidi na kuvuta kwa nguvu zaidi. Siku hizo usimwamini."

Miaka arobaini ikapita. Rukhi akafa, mume akafa, mwana akaenda mashamba ya chumvi akamwachia Monghi mkewe Labhu, mwenye mimba ya miezi sita na madarasa manne ya shule. Ikafika asubuhi ya mwezi ule ambao wanawake huzungushia mkuyu wa Kihindi uzi kuwaombea waume zao, siku kadhaa baada ya mwezi mpevu. Mawingu yalikuwa yametanda kama blanketi la mgonjwa. Monghi alikwisha tia kokoto la siku.

"Mama, leo ya ngapi?" Labhu aliuliza huku akipitisha sari katikati ya miguu na kuichomeka nyuma, tayari kwa tope.

"Ya tatu."

"Kalenda ya siku za mwezi iliyo dukani kwa Dahya inasema ya nne."

"Kalenda ya Dahya ina picha ya mungu anacheka. Unadhani anamcheka nani?"

Dahya mwenye duka alikuwa akipita na ndoo ya nyati wake, akatia neno. "Shangazi, ile imepigwa chapa mjini. Hata saa ya ukutani hupotea majira, sembuse kichwa chako?"

"Kichwa changu kilikuwepo kabla baba yako hajajua kufunga suruali."

Labhu hakucheka. Alisema polepole, na ule upole ndio uliochoma. "Mama, juzi ulitia chumvi mara mbili kwenye dengu. Na jana umeniita Jivi."

Jivi alikuwa dada yake Monghi, marehemu wa miaka ishirini.

Monghi aliangalia chungu. Moja, mbili, tatu. Je, jana alitia? Alikumbuka mkono wake ukitia kokoto, lakini ulikuwa mkono wa jana au wa mwaka juzi? Mikono ya miaka arobaini yote inafanana. Alitazama magharibi aupime mwezi kwa ngumi, kama alivyofundishwa, akakuta mawingu tu. Basi akachukua kokoto, akalitia. Likalia *tik*, kama jino linalong'oka.

"Ya nne," alisema. "Mgeuke baada ya adhuhuri, kivuli kikirefuka kufika robo tatu ya fimbo."

"Si nusu?"

"Nusu ni ya tatu. Si mmesema ya nne?"

Wanawake tisa wakaondoka, fimbo begani, vikapu kichwani. Labhu alikwenda wa mwisho, tumbo mbele. Wakavuka mfereji mpana ulio karibu na ufuko, ambao ulikuwa ukikauka, wakayafuata maji yaliyokuwa yakikimbia. Kuna jambo moja kila mtoto wa Nanivad analijua: bahari ile haiji usoni. Hupita ubavuni, ikaujaza kwanza ule mfereji nyuma yako, ndipo ikakusalimia.

Walipokuwa wadogo kama siafu, mawingu yakapasuka. Mwezi ulikuwa ukigusa maji, mweupe na mnene kupita kiasi, kama mtu aliyekula kwenye harusi tatu. Monghi akageuka mbio, akanyoosha mkono na kulipima jua. Mwezi ukigusa maji, jua linatakiwa kuwa juu kwa ngumi sawa na siku zilizopita tangu upevuke. Moja. Mbili. Tatu. Akapima tena. Tatu, na kucha ya kidole gumba juu yake.

Tatu!

Basi bahari itawahi kuliko alivyowaambia. Halafu shaka nayo ikaja na kuketi juu yake. Macho yake yalikuwa na ukungu. Alikwenda dukani.

"Dahya, njoo upime jua."

"Nipime jua? Shangazi, nenda ukalale."

"Wakigeuka robo tatu watakuta mfereji umejaa!"

"Na kama kichwa chako ndicho kimejaa?" Akacheka, akarudi kwenye mizani yake.

Monghi alisimama juani. Sahani ya kupigwa isingesikika kule. Palikuwa na alama moja tu ambayo wanawake wa topeni wangeiona na kuitii: moshi mweusi wa majani mabichi, ambao huwashwa kijiji kikifiwa. Kuuwasha bila maiti ni uchuro na aibu ya vizazi. Kama amekosea, watamnyang'anya chungu, na watamcheka mpaka kaburini. Na Labhu atakimbia. Mimba ya miezi sita, kukimbia topeni! Kama mtoto akitoka kwa sababu ya bibi aliyesahau kuhesabu?

Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Jua likapanda mpaka vivuli vikajificha chini ya miguu.

"Rukhi," aliiambia hewa, "kama ni uongo, njoo unichape." Hewa haikumchapa. Basi akachota mabua ya nyati wa Dahya, akayalowesha, akarundika matawi ya mwarobaini. Karatasi ya kuwashia hakuwa nayo. Aliingia dukani Dahya akiwa amesinzia, akang'oa kalenda ukutani.

Moshi kwanza ulilala chini kama mbwa mvivu. Monghi akaupepea kwa sari yake, akiutukana kwa majina ya wakwe zake wote. Ukainuka. Siafu kule mbali wakasimama. Kisha wakageuka, wanane mbele, mmoja nyuma sana.

"Polepole," Monghi alimnong'oneza yule wa nyuma, kana kwamba angesikia. "Usikimbie, mwanangu. Aliyekufa hana haraka."

Walipokaribia, akakumbuka kwamba moshi unahitaji maiti. Akaingia ndani, akalala sakafuni, akajifunika shuka jeupe, akafumba macho. Labhu aliingia akihema, tope mpaka kiunoni, akaanguka juu yake. "Mama! Nimekusema asubuhi, na ndiyo salamu ya mwisho! Mama yangu!"

Shuka likasema, "Mtoto anacheza tumboni?"

Mayowe yaliyofuata yaliwapasua kuku mayai yakiwa bado ndani yao.

"Umenikimbiza hivi kwa mchezo?" Labhu alikuwa analia kwa hasira, ameshika tumbo. "Linaniuma hapa! Mimba ikitoka je?"

Monghi alimlaza, akamkanda mgongo. "Kachomekeni fimbo ufukweni. Kama maji hayatakuja kabla ya robo tatu, chukueni chungu."

Wakachomeka. Dahya akaja na kipande cha kalenda alichokiokoa motoni, akitukana. Kivuli kikafika nusu. Mfereji ulikuwa mkavu, kaa wakitembea humo kama wako sokoni. Kikapita nusu, unene wa kidole. Hakuna kitu. Vidole viwili. Mwanamke mmoja akaguna. Ndani, Labhu alikuwa kimya, na ule ukimya ulimtisha Monghi kuliko fimbo.

Kisha kaa wakaingia mashimoni wote kwa pamoja. Mfereji ukang'aa, ukanguruma, ukafurika maji. Kivuli kilipofika robo tatu, mfereji ulikuwa unammeza mtu mrefu pamoja na kikapu chake.

Labhu alikuja mlangoni, mkono tumboni. "Anapiga teke," alisema. Ndipo Monghi naye akatoka nje.

Labhu akamnyang'anya Dahya kile kipande kilichoungua, akasoma kwa kidole. "Moja, mbili, nne. Dahya, ya tatu iko wapi?"

"Haikuungua hapo," Dahya alisema taratibu. "Hawakuichapa."

Monghi alikodolea macho magharibi, ambako ule mwezi mnene ulikuwa umezama. Alikumbuka fugdi. "Mwezi amekaribia, anakwenda mbio," alisema. "Kalenda huandika tu siku ya mwezi inayokutwa na mapambazuko; ya tatu imeanza na kwisha kati ya mapambazuko mawili, ikarukwa. Leo ndiyo kwanza ametia mguu kwenye kizingiti cha nne, wao wakamwandika ameshaketi na kula."

Labhu alikwenda dirishani, akatia mkono chunguni, akatoa kokoto moja, akalitupa nje.

"Kesho utatia wewe," Monghi alimwambia. "Mimi nitahesabu ngumi. Na dengu, tia chumvi wewe pia."

"Sawa, mama."

"Jivi naye alikuwa mbishi hivyohivyo."

"Najua, mama. Hilo nalo umeshaniambia jana."