Mzee, Shabaha na Darubini Mbili

Leo mteja ameniuliza mukimbizi anajua nini ya bunduki!

Ni siku yangu ya majaribio ya kazi, kwenye duka la darubini, Mbarara. Mzee huyu, askari mstaafu, alitaka darubini ya kuona risasi zake zinagonga shabaha fasi gani. Akang'ang'ania ile kubwa kabisa.

"Baba, ya bunduki sijui," nikamwambia. "Lakini tujaribu kwanza."

Nikasimamisha mbili mlangoni, ile kubwa na ndogo moja, tukalenga kibao cha duka la dawa, mwisho wa barabara.

Kubwa ilivuta mno, joto la lami likachezesha herufi zote. Ndogo? Mzee akasoma mpaka namba ya simu!

Akarudia kubwa, akarudia ndogo. Moyo wangu, weee.

Halafu akamgeukia bosi wa duka, aliyekuwa anatuangalia: "Huyu mama wa kambi ya Nakivale, musimwachilie."

Kazi nimepata, marafiki! Mzee ameenda na ndogo, anacheka. Nipeni hongera zangu basi.