Wifi yangu alianza mestrado kwa kuniuliza naenda pwani mara ngapi kwa wiki

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Sina picha wala sauti ya kuwarushia. Ila nikidanganya hata mstari mmoja, wifi yangu mwenyewe yumo humu jukwaani na atanisuta mbele yenu, namjua.

Nianze pale pale nilipochoka.

Asubuhi ya bamvua. Maji yanakupwa, wenzangu wanapita na ndoo na vyuma vyao vya kuchokolea pweza wananiita, "Mama Nuru, tunakuacha!" Mimi nimekaa mlangoni, mtoto wa miezi minane kaning'ang'ania ziwa, na mbele yangu wifi yangu Zaituni kashika kalamu ananiuliza:

"Jina lako kamili?"

Jina langu kamili! Mtu kalala nyumbani kwangu wiki ya tatu, anakula ugali wangu, na kaka yake ndiye mume wangu.

Nikamtajia. Akaandika. Umri? Nikamtajia. "Una watoto wangapi?"

"Zaituni, huyu anayecheulia karatasi yako unamwona au humwoni?"

"Wifi, lazima ujibu mwenyewe. Ndiyo utaratibu."

Hapo ndipo. Nilimpokonya ile karatasi, nikaiweka mkekani, nikaikalia. Nikamwambia utaratibu wake nitauondoa nikirudi kutoka pwani, kama nitarudi na pweza. Mume wangu barazani akaangua kicheko. Nikamwambia na yeye anyamaze.

Basi nikambwagia mtoto mama mkwe, nikachukua chuma changu, nikaondoka. Sijui kwa nini niliikalia na hapo hapo nikainuka, lakini Zaituni hakuthubutu kuigusa. Niliikuta pale pale.

Kwa wasiotujua: mimi ni wa huku Palma, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kiswahili chetu kina Kireno ndani yake, mtanivumilia. Mestrado ndiyo hiyo shahada ya pili ya utafiti mnayoisema nyie masters. Na mimi nimesoma mpaka décima segunda, yaani nimemaliza sekondari yote. Hilo la décima segunda mlishike, lina kazi mbele.

Zaituni alitoka nyumbani ana miaka kumi na miwili kwenda kusoma Pemba, mji wetu wa huku si kile kisiwa, kisha chuo kikuu Nampula. Ni wa kwanza ukoo mzima kufika huko. Utafiti wake ni juu ya sisi wanawake tunaochokoa pweza miambani. Mama mkwe alitembea mtaa mzima akitangaza, na miguu yake ile mibovu.

Kumbe mambo yalikuwa mabaya, tulikuwa hatujui.

Niliporudi na pweza wanne nilimkuta Zaituni alipokuwa, macho mekundu. Ndipo akasema. Orientador wake, yaani mwalimu anayemsimamia, alishamrudishia andiko lake mara mbili. Mara zote mbili kwa sentensi moja ya wino mwekundu: unataka kujua nini hasa? Likirudi mara ya tatu, bolsa, yaani ufadhili wake wa masomo, anapewa mwingine, na yeye anarudi nyumbani moja kwa moja.

"Ndiyo maana nahangaika na karatasi, wifi. Nina thelathini zimejaa. Zikifika hamsini labda ataona nimefanya kazi."

Hasira zilikuwa bado kichwani, sifichi. Lakini nikaivuta ile karatasi nikaisoma. Swali la nne: unaenda pwani mara ngapi kwa wiki?

Nikacheka mpaka mtoto akashtuka.

Jamani wa bara, niwaeleze. Pweza hachokolewi kwa Jumatatu na Jumanne. Tunaenda bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, siku chache mfululizo, maji yanapokupwa mpaka miamba inabaki wazi. Halafu yanakuja maji mafu, yasiyofunua miamba, tunakaa, tunalima, tunasuka ukili. Bamvua mbili kwa mwezi. Wiki sisi hatuna! Wiki ni ya shule na ya ofisi.

Na huyu ni mtoto wa hapa hapa. Mama yake alimbeba mgongoni kwenye miamba ile ile. Miaka ya madarasa ikamfutia.

Nikauliza, wenzangu walijibu nini? Akanionyesha. Mmoja saba. Mmoja tatu. Mama Abudu, jirani yetu aliyekimbilia huku kutoka Mucojo kwa sababu ya vita, kajibu mbili.

Jioni Mama Abudu alipopita nikamuuliza, hiyo mbili umeitoa wapi?

"Nilimwonea huruma mtoto wa watu," akasema. "Nilimwona anataka namba, nikampa."

"Na kama angetaka kubwa zaidi?"

"Ningempa. Mimi nina uchoyo?"

Zaituni akafunika uso kwa leso. Mama mkwe naye akatia yake kutoka ndani: "Mimi hata sijaulizwa. Karatasi yake imesema nimeshazeeka."

Wakuu, hapa ndipo ninapomshukuru Mungu kwa ajili ya yule binti. Angeweza kununa. Kasoma kuliko sisi wote. Lakini aliweka zile karatasi thelathini chini ya godoro na akaniambia, "Wifi, ungekuwa wewe ungeuliza nini?"

Hakuna mtu mwenye karatasi aliyewahi kuniuliza hivyo. Tangu tuliporudi kutoka tulikokimbilia vita, wamepita wengi. Wanaandika majina, wanaandika watoto, wanaondoka.

Nikafikiri. Nikamwambia: "Kwenda tunaenda sote. Wewe uliza siku ambayo maji yamekupwa vizuri, miamba iko wazi, na mtu hakwenda. Kwa nini hakwenda?"

Akaniangalia kama nimemmwagia maji ya baridi.

Bamvua iliyofuata alikuja nasi. Bila karatasi. Alikuja na viatu vya kamba vya dukani, kimoja kikabaki kwenye tope na mpaka leo kipo huko. Wanawake walimtania mpaka akalia kwa kucheka. Pweza wake wa kwanza alimkosa, wa pili akamrukia mkononi akapiga yowe, Mama Abudu akamwambia, "Muulize jina lake kamili!"

Tukirudi nyumbani anaandika. Mama mkwe ndiye aliyekuwa anamtajia leo mwezi una siku ngapi tangu uandame, maana mama yule hajawahi kukosea. Miezi miwili tukaenda hivyo, bamvua nne. Na majibu yakaanza kutoka yenyewe. Huyu hakwenda kwa sababu ya msiba. Yule, mtoto wake aliungua. Wengine watatu hawakwenda kwa sababu upande ule wa miamba walikuwa wakienda na marehemu mwenzao kabla ya vita, na miguu inakataa. Hilo la mwisho hata mimi sikulijua, na tunapita njia moja kila siku.

Akaandika upya, kurasa chache tu, akatuma.

Orientador akajibu kwa mstari mmoja tena: sasa una swali, endelea. Bolsa ikabaki. Siku ile mama mkwe alipika pilau na kumwita kila aliyepita, mpaka waliokuwa hawamjui Zaituni.

Sasa sikilizeni utamu ulivyotiwa shubiri.

Zaituni karudi Nampula. Siku moja ananitumia kwenye simu picha ya karatasi iliyobandikwa ubaoni kwao: muhtasari wa utafiti wake, na jedwali la siku za mwezi na bamvua. Kaweka na mioyo. Nasoma Kireno vizuri tu, nikasoma. Katikati imeandikwa, kazi hii imesaidiwa na wanawake wa pwani wasio na elimu.

Nikampigia hapo hapo.

"Wifi, si mimi! Mimi niliandika majina. Ofisi ndiyo iliyofupisha."

"Basi nailalamikia ofisi."

"Subiri kidogo nimalize, wifi. Nakuomba. Nimeanza vizuri juzi tu."

Nikakata simu. Wallahi niliumia, kwa sababu hofu yake naijua. Siku mbili sikuandika kitu, nilikuwa natwanga tu. Ya tatu akapiga mwenyewe: "Andika. Naipeleka kwa mkono wangu, na jina langu litie chini ya lako."

Anayeanza utafiti humu, nakwambia bure: kaa na watu kabla hujatoa kalamu, na swali lako lijaribu kwa mtu mwenye hasira. Mwenye adabu atakupa namba unayoitaka. Wengine mliowahi kuhojiwa, njooni mseme na nyie mliandikwaje.

Barua imepokelewa kwenye faculdade, yaani kitivo chao, nakala yenye carimbo, muhuri wao, ninayo kabatini. Niliandika kwa Kireno, kwa Kiswahili inasema hivi:

"Kwa Mkuu wa Faculdade.

Kwanza nashukuru. Mmemlea vizuri wifi yangu, na mwalimu wake alimuuliza swali gumu lililomleta kwetu.

Pili nalalamika. Mmetuandika wanawake wasio na elimu. Mimi nimemaliza décima segunda, na barua hii sikuandikiwa na mtu. Mama mkwe wangu hajui kusoma, lakini tarehe zote za mwezi mlizozipanga kwenye jedwali lenu zimetoka kinywani kwake. Kama hiyo si elimu, liondoeni jedwali.

Naomba maneno yale yafutwe, na majina ya waliokubali yarudishwe. Mama mmoja hataki jina lake kwenye orodha yoyote tangu vita. Huyo muacheni, na msimuulize kwa nini.

Naomba pia kazi ikiisha ije isomwe hapa, kwa Kiswahili, tuisikie na tuisahihishe.

Mkipanga siku ya kuja, pangeni maji mafu. Mkija bamvua hamtanikuta."