Dirisha la Ghorofa ya Nne

Nakumbuka siku ya kuamkia Idd, mwaka ule nilioolewa, nilivyoning'inia nje ya dirisha ghorofa ya nne pale Mchafukoge. Mwanangu, umeniambia fundi amekuuliza madirisha ya mbao ya nyumba yako yafunguke ndani au nje, nawe ukamjibu vyovyote. Vyovyote! Hebu kaa kwanza.

Fundi wetu alikuwa Mzee Kondo, mwenye karakana Ilala. Alipokuja kupima alisema ghorofani dirisha lifunguke ndani. Mimi nilikuwa bibi harusi, na cherehani yangu nilitaka ikae chini ya dirisha, penye mwanga. Likifunguka ndani si litaigonga? Nikakataa.

"Binti yangu, kioo cha upande wa nje utakifuta ukiwa wapi?" akaniuliza.

"Nitajua mwenyewe, mzee. We nitengenezee lifunguke nje."

Alikuna kidevu, akaandika vipimo vyake. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limejaa cherehani tu.

Unajua kwetu Idd haikaribishwi kwenye nyumba chafu. Mapazia hufuliwa, vyombo hushushwa vyote, vioo hufutwa. Mume wangu alikuwa dukani Kariakoo. Nikapanda kigoda, nikatoa kiwiliwili nje ili nikifikie kioo. Mkono mmoja umeshika ubao wa dirisha, mwingine unafuta. Upepo ukaja, ukalisukuma dirisha mbali zaidi, nami nikaenda nalo. Miguu ikaachana na kigoda.

Kitambaa kikaniponyoka. Nikakiona kinashuka, kinashuka, mpaka kikatua juu ya turubai la muuza ndizi. Watu niliwaona vichwa tu. Niliogopa, mwanangu, woga wa kukosa hata sauti. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, ya huyu kaka yako mkubwa, na tumbo ndilo lililolalia kizingiti. Nikilivuta dirisha, linayumba. Nikiliachia, natangulia kichwa. Huku nyuma khanga inalegea kiunoni.

Mara mikono ikanikumbatia mapaja. Alikuwa jirani yangu Mama Manka, Mchaga wa watu, aliyekuja kwangu kuazima sinia akakuta mlango wazi. Alinivuta taratibu mpaka tukaangukiana sakafuni, ndipo akaangua kilio.

"Nimekuona toka mlangoni, nikaogopa hata kukuita," alisema. "Ungeshtuka, ungeachia."

Sikuinuka pale sakafuni hadi adhana ya adhuhuri. Idd ile dirisha halikufunguliwa, tukala pilau yetu kwenye joto.

Mzee Kondo alirudi baada ya sikukuu kubadilisha fremu. Habari alikuwa ameshapata. Nilijiandaa kusemwa, maana nilistahili, na mdomo wangu niliujua.

"Mko wazima wote wawili?" aliuliza, akitazama tumbo langu.

Nikaitikia kwa kichwa. Naye akafungua mkoba wake, akaanza kazi. Hapo ndipo nilipolia, kwa aibu.

Basi, mwanangu, mwambie fundi wako yafunguke ndani. Utafuta kioo pande zote mbili umesimama sakafuni. Upepo ukilipiga litaegemea ukuta wako, halitamwangukia mpita njia, na ukitaka nondo kwa nje utaweka. Ubaya wake nao nisikufiche: linakula nafasi, kwa hiyo meza isogezwe, na mvua itaingia kama kizingiti hakikuinamishwa nje na ubao wa chini haukuchongwa mfereji wa kumwaga maji. Hayo yasimamie mwenyewe. Na mtu mzima akikuuliza swali kuhusu nyumba yako, usimjibu kabla hujalifikiria, kwani mara nyingi anaona mahali mwili wako utakapokuwa siku ambayo yeye hayupo.

Mungu akujalie nyumba yenye upepo na mwanga, na kila atakayeamka kuisafisha, jioni umkute mzima.