Rangi Juu ya Nati

Nilimjua fundi Cyprian mnadani Mwandoya, gari langu likiwa limegoma na ng'ombe niliowanunua wakisubiri. Alilitengeneza, akakataa malipo. "Utanilipa kwa kunirudia, tajiri."

Nikamrudia miaka minne. Kila msimu wa pamba ukiisha alikuja kwangu Bariadi, nikampa oili, akaingia chini ya gari kubadilisha ya transfa, ile gia boksi ndogo inayozungusha magurudumu ya mbele. Kisha tulikula ugali.

Mwaka huu alikuwa msibani, nikaamua kuibadilisha mwenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza na nati ya juu, ya kujazia, nisije nikamwaga oili nikakosa pa kurudishia. Nikaikuta imefunikwa na rangi nyeusi niliyopulizia nilipolinunua gari, kabla sijamjua Cyprian. Haikuwa hata na mkwaruzo. Nilipoifungua, kisha ile ya chini, ukatoka uji mweusi wenye unga wa chuma. Nikajaza mpya mpaka ikachuruzika kwenye tundu la juu.

"Mwangaluka, tajiri," Cyprian akanisalimu aliporudi. Nikamwonyesha nati.

"Hukuwahi kuinama," akasema.

Kweli. Ng'ombe nawakagua meno, yeye sikumkagua. Amebaki na oili yangu ya miaka minne, mimi na transfa inayolia. Ugali nakula peke yangu.