Waya Mkononi mwa Esnath

Esnath wa Kyimo hapigwi picha. Si kwenye harusi, si kwenye kipaimara, na hata ile ya kitambulisho alifuatwa mara tatu na mwenyekiti wa kijiji ndipo akaenda. Watu humwita mshamba. Waache waseme, hawajui alikotoka.

Akiwa bado bibi harusi mpya, mpiga picha mmoja alimkuta shambani akichuma chai, kilemba kimemwanguka, anacheka na wenzake. Akapiga, akaenda zake. Mwaka uliofuata picha ikatokea kwenye kalenda ya duka moja la mbolea, na kalenda ikatundikwa sebuleni kwa Mzee Ambindwile. Baba mkwe wake, jamani! Na Wanyakyusa wanaoshika mila wanajua: mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ndiyo ukutila. Akimwona mzee anakuja, mwanamke anaingia migombani, anajifunika kitenge, mzee apite. Esnath alijificha migombani mwaka mzima, kumbe ukutani kwa mzee anacheka meno yote nje. Mama mkwe alipomwambia, alilia kwa aibu mpaka macho yakavimba.

Kwa hiyo jirani yake Neema alipoleta habari kwamba ukumbini Makandana kuna mpiga picha anayewaachia watu kamera waamue wenyewe, machale yalimcheza. Lakini binti yake aliyeolewa Njombe alikuwa amemwomba picha miaka minne, mjukuu apate kumjua bibi yake. Akaenda, roho juu juu.

"Shikamoo mama," alisema mpiga picha, msichana wa Dar aitwaye Doreen. Katikati ya ukumbi palikuwa na kiti, kamera juu ya miguu mitatu, na waya mrefu wenye kitufe. "Siku zote mpiga picha ndiye anayeamrisha: kaa hivi, inua kidevu. Hapa unaamua wewe. Usipobonyeza, hakuna picha. Ukitaka, nikalishe mimi kitini unipige. Picha inatoka moja tu. Uichukue, uitundike au uichane."

"Na nyingine inabaki wapi?"

"Haibaki, mama. Hii ni sanaa ya kurudisha mamlaka."

Mamlaka Esnath alizijua, ya maji na ya mapato. Ya kurudisha hakuwahi kuisikia. Akaketi, waya mkononi, lakini macho yake hayakutulia. Akachungulia chini ya meza, akachungulia nyuma ya mlango. Juu ya dirisha, kando ya pazia, akaona kitaa chekundu kikiwaka.

"Kile nacho ni nini?"

Doreen akajikuna shingo. "Aa, ile ni video tu. Inaonyesha watu wanavyoamua. Jumapili tutaionyesha ukutani, wazee wamealikwa. Atafungua kwa sala mzee mmoja wa Kyimo, Mzee Ambindwile."

Uso wake mbele ya baba mkwe kwa mara ya pili, tena safari hii ukubwa wa ukuta, kadamnasi nzima ikitazama! Kumbe waya ule ulikuwa pipi ya kumnyamazishia mtoto. Hasira zikampanda, ila hakupiga kelele.

"Ulisema naweza kukuamrisha?"

"Ndiyo, mama."

"Kaa hapa."

Doreen akaketi. Mkono ukaenda kwenye nywele, ukaenda kwenye kola, ukafuta pua. "Subiri kidogo mama, nijiweke sa—"

Esnath akabonyeza. Picha ikatoka: jicho moja limefumba, mdomo wazi, kidole puani.

"Mungu wangu! Mama, ichane hiyo."

"Kwa nini? Mimi naiona nzuri. Nitaitundika stendi pale Tukuyu, watu wafurahi."

"Lakini sikuwa tayari! Hata hukuniuliza!"

Esnath alinyoosha kidole kwenye kile kitaa chekundu, akakiacha hapo hapo. Doreen akakifuata kidole kwa macho, na uso ukamshuka. Akapanda juu ya kiti, akaishusha kamera, akafuta video huku Esnath akitazama kila anachobonyeza.

"Na wenzangu walionitangulia?"

"Wale pia? Mama, hiyo ni kazi yangu ya wiki nzima!"

"Basi kawaulize mmoja mmoja, Kyimo mpaka Nkunga. Kwa miguu."

Doreen akafuta yote. Esnath akamkabidhi ile picha mbaya, akarudi kitini, akaushika waya.

"Ndaga, asante mwanangu. Sasa toka nje, ufunge na mlango."

Doreen akatoka kwenye maonyesho yake mwenyewe, akasimama barazani mvua ikinyesha. Alisubiri sana. Mle ndani mama hakuwa na haraka ya kubonyeza.